Siku Marjan Aliposema “Bomba”

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mzee Dauda Marjan, fundi wa pampu, aliyetutoka juzi nyumbani kwake Malukhu, hapa Mbale. Fundi wa pampu, tena wa kweli. Wengi mlimjua kwa bisibisi yake ndefu: ncha kwenye mashine, mpini sikioni, macho kafumba kana kwamba anasikiliza taarab.

Twende Jinja, mwaka wa sabini na tisa. Vita vimetoka tu kupita. Marjan ni Mnubi, na siku zile Mnubi alionekana mtu wa serikali iliyoanguka. Wenzake walikimbia. Yeye alibaki kwenye mtambo wa maji, Wanyange, kwa sababu hospitali ilitegemea maji yale. Mkaidi kweli!

Asubuhi moja pampu ikaanza kelele, kama kokoto ndani ya sufuria. Marjan akatoka mbio, akakutana na askari wa zamu wa serikali mpya, Ojok, kijana wa kaskazini.

“Afande, bomba iko na taabu! Inataka kupasuka!”

Kwa Marjan, bomba ni pampu. Ojok, ambaye Kiswahili alikiokota kambini, alisikia bomu. Akakoki bunduki.

“Nani aliweka bomba? Wewe? Sema!”

Marjan aliogopa, wasikilizaji. Aliogopa sana. Akanyoosha bisibisi polepole.

“Afande, kuja usikie. Ni ya maji. Iko na kiu tu.”

Ojok akamfuata hadi kwenye mashine, akatega sikio kwenye mpini, mtutu bado kifuani mwa Marjan. Kisha Marjan akazima mashine, akamwonyesha chujio: nyasi za ziwani zimeliziba. Pampu ilikosa maji ya kuvuta, ndiyo maana ililia. Ojok akashusha bunduki, wakazing'oa pamoja. Ilipowashwa, ikanguruma taratibu.

“Kumbe bomba ni hii!” Ojok alicheka mpaka akakaa chini.

Amani iliporudi, Marjan alihamia Mbale. Ah, siku zile, viwanda vikiamka kimoja kimoja! Aliwafundisha mafundi: pampu ikipiga kelele, usikimbilie nyundo. Tazama kwanza kama inapata maji. Halafu bolti zilizolegea, beringi zilizochakaa, shafti iliyokaa upande.

Binti yake, Zulaika, alituambia: “Baba alicheka kila akisimulia. Mama hakucheka hata mara moja. Sisi wote saba tulizaliwa baada ya siku ile.”

Pole sana, Zulaika. Poleni Malukhu, poleni Jinja. Mungu amrehemu. Nawe msikilizaji, neno likikuchoma, sikiliza kwanza kabla ya kuinua mkono. Ojok alisikiliza. Ndiyo maana leo watoto saba wanamlilia baba yao.