Mama Kaseti na Nyimbo za Wanaoachwa

Ndugu, majirani na marafiki, tunayemzika leo ni dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kaseti hata baada ya kaseti zenyewe kupotea madukani. Mimi ni mdogo wake wa mwisho. Familia imeniomba nisome haya, nami nitajitahidi kuyafikisha mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yetu alikuwa mpiga chapa, mama alikuwa mshonaji. Nyumba yetu ilikuwa na redio moja juu ya kabati, na dada ndiye aliyekuwa waziri wake. Mtu akigusa stesheni bila ruhusa, alikiona cha mtema kuni.

Alimaliza sekondari mwaka 1982. Masomo mengine alifaulu, Kiingereza alifeli vibaya, ingawa alikuwa akiimba nyimbo za Kizungu mwanzo hadi mwisho. Maneno alikuwa akiyatamka kama alivyoyasikia, na mwalimu wake alisema hajawahi kukutana na lugha ile popote duniani.

Alisomea ususi, na mwaka 1991 akafungua saluni yake nyuma ya duka la dawa: vioo vitatu, mashine mbili za kukaushia nywele na redio ya kaseti kwenye rafu. Vijana walikwenda kwenye saluni zenye muziki wa kisasa. Kwake walikuja wanawake wa miaka arobaini na kuendelea, walimu, wauguzi, mama wa nyumbani. Walikuja kusukwa, lakini walikaa kwa ajili ya nyimbo: wale waimbaji wa ng'ambo wenye sauti nene, wanaoanza kwa kunong'ona kwamba wameachwa, kisha ngoma zinaingia na mwanamke anapaza sauti mpaka vioo vinatetemeka. Hapo utawaona watu wazima, wake za watu, wanalia na rola kichwani.

"Mama Kaseti, anasema nini hapa?" waliuliza.

"Anasema mwanamume atarudi. Anamngoja mlangoni."

Binti yake, ambaye Kiingereza alikielewa, siku moja alimrekebisha mbele ya wateja. "Mama, hasemi hivyo. Anaaga. Anasema yeye ndiye anayeondoka."

"Wewe una miaka kumi na sita," marehemu alimjibu. "Ukifika umri wetu utasikia tunachosikia sisi." Saluni nzima ilicheka, na binti akaokota ufagio wake.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 5 Agosti 1989 na fundi redio aliyekuwa akimtengenezea redio bure, tena mara nyingi kuliko ilivyoharibika. Walipata binti mmoja. Mwaka 2004 mume alihamia mji mwingine, akaanza kuishi na mwanamke mwingine, na huko akapata watoto. Marehemu alijua. Alizifua nguo za mumewe zilizobaki, akazipiga pasi, akazitundika kabatini.

Mama yetu alimwambia, "Mwanangu, yule harudi."

"Mama, watu hurudi."

Seremala jirani, mtu mpole aliyefiwa na mke, alimchumbia mwaka 2009. Dada alimkaribisha chai, akamwambia kwa heshima kwamba yeye ni mke wa mtu. Seremala alioa kwingine. Yupo hapa leo na mkewe, nasi tunawashukuru.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 muuguzi mmoja, mteja wake wa zamani, alimwona anasuka bila kuinua mkono wa kulia. "Mkono huo una nini, shoga?"

"Nimeulalia vibaya."

Ulikuwa uvimbe wa titi. Alikuwa ameuficha kwa zaidi ya mwaka, kwa sababu, alimwambia binti yake, hakutaka mumewe akirudi amkute amekatwa titi. Alipokubali kwenda hospitali, saratani ilikuwa imefika kwenye mifupa.

Nilisafiri kwenda kumweleza shemeji. Alinisikiliza mlangoni, akasema, "Nitaangalia." Nilirudi kwa dada. Alinitazama usoni, akageukia ukuta.

Wateja wake walikuja wodini na simu, wakamwekea wimbo alioupenda kuliko nyimbo zote. Haukufika kwenye kibwagizo.

"Zimeni."

"Lakini huu ni wimbo wako, Mama Kaseti."

"Zimeni, jamani. Nimeusikiliza mpaka nimezeeka. Hakuna aliyerudi."

Walizima. Hakuomba tena muziki. Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 2019, mchana, binti yake akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mama mzazi, binti mmoja, wadogo wawili, na mume, ambaye tumemtumia habari. Mpaka ninaposoma hapa hajajibu.

Akina mama wa saluni waliomba tumsindikize kwa wimbo mmoja tu. Binti yake amekataa, na familia imekubaliana naye. Tutamshusha kimya.

Lala salama, dada. Huna tena wa kumngoja.