Kaka Yetu Panga na Mpira wa Siku Kumi na Saba

Ndugu waombolezaji, marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 11 Juni 1968, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Alitanguliza miguu. Mama yetu, aliyeketi hapa mbele, alivuja damu nusura afe, na mpaka leo husema, "Yule aliingia duniani kwa mateke." Mimi ni kitindamimba, nimepewa kazi ya kusoma haya.

Alianza shule mwaka 1976, akafukuzwa mara mbili kwa kupigana. Mara ya pili alimvunja pua mwenzake aliyemsukuma dada yetu. Sekondari, mwalimu wa baiolojia alimkalisha kwenye darubini ili atulie. Akaona viumbe vikitafunana ndani ya tone la maji ya mtaroni, akagoma kuinua kichwa mpaka kengele ilipolia. Alihitimu stashahada ya maabara mwaka 1991.

Alifanya kazi miaka thelathini na moja katika maabara ya hospitali, chumba chenye friji mbili na dirisha lisilofunguka. Alikuwa akiotesha bakteria wanaotoka kwa wagonjwa ili ajue dawa ipi inawaua. Nyumbani alitufundisha kwa nguvu. Anakukaba kola: "Hivi ndivyo wanavyoshika! Ngozi yao ina protini za kushikia. Wanaushika mpira wa mkojo anaowekewa mgonjwa, halafu wanashikana wao kwa wao, wanajifunika utando, dawa inapita juu tu. Wakishikana hivyo wanapeana vinasaba vya usugu. Mmoja akiishinda dawa, jirani zake nao wanaishinda!" Unamjibu, "Sawa, mwalimu, niachie shati basi."

Mei 2004 wagonjwa watatu wa wodi moja walikufa kwa maambukizi ndani ya wiki mbili. Kaka aligundua kwamba mipira ya mkojo iliyotumika ilikuwa inaoshwa na kuwekewa wengine. Aliandikia uongozi barua mbili, hazikujibiwa. Basi akaingia wodini na panga, akalimwaga beseni la mipira iliyooshwa juu ya meza, akaikatakata mipira yote arobaini mpaka meza ikapasuka. Walinzi walimpiga wakamng'oa jino. Alisimamishwa kazi miezi mitatu, lakini mipira haikuoshwa tena. Jina la Panga alilipata siku ile, na alikuwa analiitikia kwa raha zake.

Koti lake jeupe lilichanwa na walinzi hao, akalipeleka kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Fundi akamuuliza, "Umepigana na simba?" Kaka na dada huyo fundi walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 2005, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 9 Februari 2023 lori lilimgonga mbele ya lango la hospitali. Nyonga ilisagika, akawekewa mpira wa mkojo. Siku ya kumi na saba homa ikapanda, meno yakawa yanagongana. Saa nane mchana, shemeji yangu, mkewe, akiwa ameenda nyumbani kuoga, kaka akaanza kuuvuta mpira. Damu ikaruka kwenye shuka. "Utoeni! Wekeni mpya! Wameshikana humo!" Nilimlalia kifuani, nikamfunga mikono kitandani kwa mkanda wangu. Alining'ata, nami nikazidi kukaza.

Muuguzi akaniuliza, "Anaomba tuubadilishe. Nimwite daktari?"

Nikasema, "Achana naye, dada, homa imempanda kichwani. Mkimgusa tena mtamuua."

Jamani, mimi! Miaka yote hiyo amenikaba kola akinieleza jambo lilelile, na siku yenyewe nikamwona kichaa. Daktari aliubadilisha kesho yake asubuhi, lakini bakteria walikuwa wameshaingia kwenye damu. Maabara yake mwenyewe iliwaotesha, na dawa nne zilishindwa kuwaua. Alifariki tarehe 2 Machi, saa tatu asubuhi.

Ukoo ulinishauri niandike "aliugua kwa muda mfupi." Jana nilimweleza mjane kila kitu. Alinizaba kofi, sikio bado linavuma. Kisha akasema, "Kesho utasoma yote, shemeji. Usiruke hata neno."

Marehemu ameacha mama, mjane, binti mmoja, wana wawili, dada wawili, na mimi niliyemfunga mikono.

Yeye apumzike kwa amani. Mimi msinipe pole leo.