Dkt. Caroline Elimringi, Mtafiti wa Protini za X na Y (1979–2025)

Marehemu dada yangu Caroline alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, Dar es Salaam, mtoto wa pili na wa mwisho wa hayati Mzee Elimringi na Mama Sophia, wauza vitenge wa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Alijifunza kutembea kwa kushikilia marobota ya duka.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Kariakoo, sekondari Moshi, na mwaka 2011 akahitimu shahada ya uzamivu. Alitafiti, kwa kutumia panya, protini zinazoshikamana na kromosomu X na Y wakati mbegu za kiume zinapoundwa. Mama alimuuliza anafanya nini hasa na hao panya. Caroline akachukua kijiko na uma.

"Mama, kromosomu nyingine kila moja ina mwenzake wa kufanana naye. X na Y hazifanani, kwa hiyo protini huzifunika zitulie." Akaviviringisha kwenye kitenge. "Zisipotulia, mbegu hazikomai."

"Sawa mwanangu," Mama akasema, "ila hicho kitenge ni cha mteja."

Tarehe 6 Septemba 2008 alifunga ndoa na Benjamini, wakala wa forodha bandarini. Waliishi Upanga kwa raha tele, ingawa Benjamini aliimba kila asubuhi na Caroline alimwomba aache.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Alifundisha chuo kikuu hadi Aprili mwaka huu, akafariki Jumatatu, tarehe 9 Juni. Siku tatu kabla, aliniambia, "Kaka, kikao cha ukoo kimekaribia. Watamrudisha mkeo Angela kwao kwa kosa lisilo lake." Nilinyamaza. Najuta.

Ameacha mume, watoto wawili, Jacqueline na Heriel, mama yetu, mimi kaka yake Onesphory, na wifi yake, mke wangu Angela. Wazee wangu, mnivumilie. Kwa miaka kumi na minne mmemwita Angela tasa. Mwaka 2014 Caroline alinipeleka kupimwa, na ni mimi ambaye mbegu zangu hazikomai. Caroline alitunza siri kwa kuwa nilimsihi, na Angela alinistiri kwa kuwa ananipenda. Kikao hakina kesi.

Mungu ampe dada yangu pumziko la amani. Kazi yake aliifanya vizuri na kwa furaha.

Angela mke wangu, toka huko nyuma. Njoo ukae hapa mbele, na wafiwa.