Fundi Saa na Nusu Saa Iliyopotea Asubuhi

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake na wote mliofika, haya ndiyo maisha ya mama, mke, dada na fundi tunayemsindikiza leo, yameandikwa na mume wake na yanasomwa na mdogo wake wa kiume kwa niaba ya familia. Mtasikia humu jina la ugonjwa aliokaa nao miaka arobaini na minane, ugonjwa wa kujinyima chakula, na mtasikia pia mambo ya kuchekesha, na anayetaka kucheka asijizuie, maana mwenyewe angekuwa ameshatangulia.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, nyumbani, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyotazamana na kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa baba mpiga chapa na mama mshonaji. Saa aliyozaliwa haijulikani, kwa sababu mkunga alisema ni saa kumi na moja alfajiri, bibi akashikilia kwamba ni saa kumi na mbili, na saa ya ukutani, ambayo ingewaamua, ilikuwa imesimama tangu mwaka uliotangulia. Saa hiyo hiyo marehemu aliitengeneza akiwa na miaka kumi na mmoja, kwa pini ya nywele na mafuta ya cherehani ya mama yake, akachapwa kwanza kwa kuifungua, kisha akasifiwa ilipoanza kutembea.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1968 hadi Desemba 1974, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1975, akamaliza kidato cha nne Novemba 1978, wa kwanza darasani kwa hisabati na wa mwisho kwa uimbaji. Ni akiwa kidato cha pili, mwaka 1976, ndipo alipoanza kupunguza chakula, kwanza kidogo, kisha sana, na hakuna aliyejua kwa nini, hata yeye mwenyewe, na familia inaomba leo asitafutiwe sababu moja, maana sababu zilitafutwa sana enzi zile na zote zilizopatikana zilikuwa za waliotafuta, si zake. Baba alisema ni masomo mengi, mama akampa dawa ya minyoo mara nne, kwa minyoo ambayo hakuwa nayo, na dada yake mkubwa akatoa hukumu iliyodumu kuliko zote, "Huyu anaringa tu, akiolewa atakula." Majirani nao, ambao hawakuwa na nia mbaya, walimsimamisha njiani kumwambia amependeza, amepungua vizuri, wafanyeje wapate umbo kama lake, na baadaye marehemu alimweleza mumewe kwamba kila sifa ya namna hiyo ilimgharimu mlo wa jioni.

Tarehe 4 Februari 1980 aliajiriwa katika karakana ya saa, mtaa wa pili nyuma ya stesheni, ghorofa ya kwanza, kwa mzee aliyeitwa na wote Mzee Jicho, kwa sababu kile kioo cha kukuzia alikuwa hakitoi jichoni hata akienda sokoni. Wale ambao hawajawahi kuingia karakana ya saa wajue kwamba humo adui si mwizi, adui ni kombo la mkate, kwani punje moja ikiingia kwenye mtambo wa saa ya mkononi kazi ya siku mbili huharibika, na kwa hiyo Mzee Jicho aliweka sheria kwamba hakuna chakula ndani ya chumba cha kazi. Saa saba mchana mafundi wote walishuka ngazi kwenda kula, isipokuwa mmoja, na Mzee Jicho, aliyemwona msichana ameinama mezani peke yake mwaka hadi mwaka, alifurahi sana, akawaambia wenzake, "Mtazameni huyu, huyu ndiye fundi, tumbo halimtumi," na Desemba 1983 akamwandikia cheti kwa mkono wake mwenyewe, chenye fremu, kilichosema "Meza Safi Kuliko Zote." Mtu alikuwa anazimika mbele ya macho yao, wao wakampigia makofi.

Mume wake, wakati huo mhadhiri msaidizi wa takwimu, alifika karakana hiyo Mei 1985 na saa iliyokuwa inachelewa, akarudi juma lililofuata na saa hiyo hiyo, akarudi tena, na mara ya tano marehemu aliitazama, akaisikiliza, akamrudishia na kusema, kwa sauti iliyofika meza zote, "Mwalimu, saa yako nzima, mbovu ni wewe." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Desemba 1986. Katika picha ya arusi bibi arusi anaonekana ameinua kipande cha keki karibu kabisa na midomo, anatabasamu, na ni picha nzuri, lakini koti la bwana arusi lilipopelekwa kwa dobi Jumatatu, kipande hicho kilikutwa mfukoni, na bwana arusi, ambaye alikuwa na shahada mbili, aliamini kwamba alikiweka yeye kwa kusahau. Walijaliwa binti mmoja, tarehe 9 Agosti 1989, baada ya ujauzito mgumu ambao madaktari waliuona kwa wasiwasi, na binti huyo yupo hapa mstari wa mbele.

Sasa familia inafika mwaka 1995, ambao marehemu alitaka usimuliwe bila kupunguzwa. Mwezi Julai mume wake alianza kuona, mwishowe, kwamba hajawahi kumkuta mkewe akimaliza sahani, naye, kwa kuwa ni mtu wa ratiba, akaamua kwamba wao watatu watakuwa wanakunywa chai pamoja kila asubuhi, kuanzia saa moja na robo hadi saa mbili kasoro robo, kabla ya kutawanyika, na marehemu hakupinga hata kwa neno moja. Ila kila Jumapili jioni, ambapo kwa kawaida alizirekebisha saa zote za nyumba, alianza kuzisogeza mbele dakika tatu, za sebuleni, za jikoni, ya ukumbi wa kulia, na ya mkononi ya mumewe iliyolala kabatini karibu na meza, akaacha ile ya chumbani tu iseme kweli, na redio, ambayo ingemfichua kwa kutaja saa ya kweli, akaifungua vipande na kusema inasubiri kipuri. Dakika tatu, kwa majuma kumi, na fundi hashtui mshale. Mume aliamka kwa saa ya kweli, akaoga, akatoka, akakuta muda wa chai unazidi kuyeyuka, hadi mwanzoni mwa Oktoba nusu saa nzima ikawa inapotea kati ya bafu na meza, naye akahitimisha kwamba umri umemfanya mzito wa kuoga. Kila mtu alifungiwa mkate wake kwenye karatasi, wakakimbia, na mkate wa marehemu, kwa sheria mnayoijua, haukuruhusiwa kuliwa karakana.

Binti akasifiwa shuleni kwa kuwahi, baba yake akatajwa kwenye kikao cha idara kama mfano wa kuigwa, na wote wawili wakatembea kifua mbele. Tatizo likawa saa kubwa ya ukumbi wa mitihani, ambayo kila juma ilizidi kuachwa nyuma na ya mhadhiri, na kwa kuwa ya mhadhiri ilitunzwa na fundi bora mjini, hakukuwa na shaka ipi mbovu. Akaandikia utawala barua ya kurasa mbili, yenye jedwali, akithibitisha kwamba saa ya ukumbi inapoteza dakika tatu kila juma bila kukosa, jambo ambalo kwa hakika lilikuwa kweli kitakwimu, na utawala, baada ya kusoma jedwali, ukaita fundi, na karakana ikamtuma fundi wake bora.

Jumatano tarehe 11 Oktoba 1995, saa nne asubuhi, marehemu alipanda ngazi ya mbao ndani ya ukumbi mtupu, mumewe akiishikilia chini kwa mkono mmoja na jedwali kwa mkono wa pili. Kuisogeza saa ile nusu saa ingekuwa kazi ya dakika moja, na siri ingekaa, lakini mitihani ingeanza Jumatatu na wanafunzi mia tatu wangeamriwa kuweka kalamu chini kwa saa ya uongo, na katika miaka kumi na mitano ya kazi hakuwa amewahi kuiacha saa ya mteja ikisema uongo. Alifungua kioo, akasikiliza, kisha akasema bila kugeuka, "Saa hii nzima." Mumewe akamwambia atazame tena, akisoma tarakimu, naye akajibu, "Baba Binti, nzima. Yako ndiyo mbovu, na nimeiharibu mimi, na ya ukumbi wa kulia, na zote, ili tusikae mezani." Mumewe akauliza tangu lini, akitegemea kuambiwa tangu Agosti, na jibu lililoshuka kutoka juu ya ngazi likawa, "Tangu kidato cha pili." Hakuteremka mpaka alipomaliza kueleza yote, kwa sababu, alivyosema baadaye, kule juu alikuwa na kioo cha saa cha kutazama badala ya uso wa mtu, na mumewe aliendelea kuishikilia ngazi, kwani ndilo jambo pekee alilojua kulifanya.

Tarehe 16 Oktoba alilazwa wodi namba nne, akakaa majuma kumi na moja. Wageni walikuja na masufuria, na dada yake alikaa pembeni ya kitanda na kijiko akisema, "Kula basi, unatutia aibu," na fundi mwenzake mmoja alimwinamia sikioni kumuuliza siri ya kupungua, hapo hapo wodini, mpaka muuguzi akamtoa. Daktari wa magonjwa ya akili, mwanamke mpole aliyesema mambo mara moja tu, aliwaita wote ukumbini akawaambia kwamba huu ni ugonjwa na unaua, si maringo, si ukaidi, wasimsifu mwili, wasimgombeze, wasimhesabie matonge, waje tu wakae. Kwa mgonjwa alisema kwamba njaa yake kwa sasa haiaminiki, atakula kwa saa, mara sita kwa siku, asikie njaa asisikie, na marehemu akajibu, "Hiyo sasa kazi ninayoijua." Mzee Jicho alikuja siku ya tisa akiwa ametoa kioo jichoni, wengi wasimtambue, akamwomba radhi amesimama, na aliporudi karakana alitundua kile cheti, akaweka meza ya kulia upenuni, na tangu siku hiyo saa saba ikifika chumba cha kazi kilifungwa kwa ufunguo na kila mtu alitoka, yeye wa kwanza.

Mume wake ndiye aliyechelewa kujifunza. Nyumbani aliweka daftari la siri la matonge, hadi Machi 1996 alipolifungua na kukuta mkewe ameongeza safu moja kwa penseli, yenye kichwa "Mara Ulizonikodolea Macho," na jumla yake ilikuwa kubwa zaidi. Alilifunga daftari, wakacheka mpaka chai ikapoa, wakainywa hivyo hivyo.

Ugonjwa ulirudi mwaka 1999, ukarudi tena 2006, na mara zote mbili marehemu alisema mwenyewe, mapema, bila kupanda ngazi. Mwaka 2003 alichukua uongozi wa karakana Mzee Jicho alipostaafu, akafundisha mafundi kumi na mmoja, saba kati yao wanawake, na kila mama wa mtaa aliyemleta binti "anayeringa" alipewa kiti, chai, na namba ya simu ya daktari.

Mwezi Aprili 2021 madaktari waligundua kwamba moyo wake ulibeba uchovu wa miaka ile ya kwanza, wakaueleza wazi, wakautibu, na ukampa miaka mitatu zaidi. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nyumbani, muda mfupi baada ya kunywa chai na binti yake na kumlalamikia kwamba sukari haikukolea, akiwa na miaka sitini na mitatu, miezi miwili na siku ishirini na tatu.

Katika kikao cha familia mjomba alipendekeza, kwa heshima, iandikwe kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, na mume wake, aliyekuwa amemwahidi marehemu vingine, alikosa nguvu ya kubishana. Aliyebishana ni dada mkubwa, ambaye alisema, "Andikeni. Nilimwita mringaji miaka kumi na tisa mbele za watu, basi na hili lisomwe mbele za watu, na mimi niwe nimekaa mbele." Yupo hapo, mbele.

Familia inamshukuru daktari, aliyestaafu lakini amekuja, wauguzi wa wodi namba nne, madaktari wa moyo, majirani wa mtaa wa matofali, idara ya takwimu na mafundi wote wa karakana. Mwisho, marehemu aliacha maagizo nyuma ya karatasi ya kupokelea saa, nayo yanasomwa kama yalivyo: "Mkirudi kutoka makaburini chakula kitakuwepo. Msimbembeleze mtu, msimshangae mtu, na msimwambie binti yangu amepungua kwa majonzi. Anayeweza ale. Asiyeweza, mmoja wenu akae naye, mzungumze mambo mengine." Jambo hili litafanyika kama alivyoagiza, na wote mnakaribishwa.

Upumzike kwa amani, Fundi, na sisi tunakwenda kukaa pamoja.