Sista Juliana, Mashine Yenye Mlio na Mtaro wa Nyamwaga

Tarehe 30 Juni mwaka huu, muuguzi wetu Sista Juliana Waisiko anastaafu baada ya miaka thelathini na nane ya kuwauguza watu wa Serengeti na Tarime. Kwa utaratibu wa serikali angeondoka mwaka jana. Mwaka huu wa mwisho aliuomba mwenyewe kwa mkataba, na sababu yake kila mtumishi wa kliniki yetu ya afya ya akili hapa Nyamwaga anaijua: aligoma kwenda nyumbani wakati haijulikani kama mashine yetu ya tiba itabaki au itaondoka. Imebaki. Kwa hiyo wasifu huu nauandika nikiwa nimeshusha pumzi.

Kazi aliianzia wilayani Serengeti, kwenye zahanati za vijiji vinavyopakana na hifadhi, enzi ambazo muuguzi alikabidhiwa baiskeli na kuombewa dua. Kuna siku alifika kazini saa sita mchana kwa sababu tembo walikuwa wamesimama njiani. Mganga mfawidhi alipomtaka maelezo, Sista alimshauri akawaulize tembo. Muda si mrefu akapelekwa kusomea uuguzi wa magonjwa ya akili, na wengi waliona ni adhabu. Yeye husema ndiyo zawadi nzuri kuliko zote alizowahi kupewa na bosi asiyempenda.

Alipohamia kwetu, wagonjwa wengi waliletwa wakiwa wamefungwa kamba. Sista alitaka kamba zifunguliwe kwanza, kisha watu wasalimiane, dawa baadaye. Ndugu aliyebisha alipewa kazi ya kuzifungua yeye mwenyewe. Tulimwogopa kidogo, nasema ukweli, na hakuna aliyethubutu kugusa kikombe chake cha chai.

Miaka mitatu iliyopita, vyuo vikuu viwili, kimoja cha Kanda ya Ziwa na kingine cha ng'ambo, vilileta kwetu utafiti wa pamoja wa tiba ya kuchochea ubongo kwa sumaku. Walengwa walikuwa watu wenye sonona, huzuni ile nzito isiyosikia dawa. Mgonjwa anakaa kitini akiwa macho, anawekewa kichwani kifaa kinachofanana na kata ya kuchotea maji, nacho kinagonga ta-ta-ta.

Mmoja wao alikuwa Yona, mchimbaji aliyetoka Kahama kuja kutafuta maisha kwenye machimbo ya Genkuru, naye ameturuhusu tumtaje. Duara, yaani shimo la uchimbaji, liliwafukia. Yeye alitolewa hai, wenzake wawili hawakuwahi kutolewa. Tangu hapo hakushika chepe, alikula kwa kubembelezwa, na salamu hakuitikia. Wiki ya tatu ya tiba, akiwa mlangoni, akasema, "Shikamoo, Sista." Sista akaitikia marahaba, akaingia stoo, akajifungia. Alipotoka macho mekundu alituambia ni vumbi la maboksi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ili kuwasitiri wagonjwa, Sista alikuwa amefunga madirisha na kutundika mapazia mawili mawili. Mlio ulipita vilevile. Sasa katika nchi hii ya dhahabu, chumba kimefungwa, profesa kutoka mjini yumo ndani, na kitu kinagonga: watu walifikiria nini kama si ditekta, kile kifaa cha kutafutia dhahabu ardhini? Daudi, mwenye ditekta yake pale Genkuru, alitangaza kwamba ya kwetu ni kubwa kuliko ya kwake. Asubuhi moja tukamkuta na wenzake wamechimba mtaro nyuma ya chumba cha tiba, wakifuata mlio.

Tulicheka, lakini si kwa muda mrefu. Uvumi ukakua: eti wagonjwa wanavutwa nyota zao ili mashine ijue dhahabu ilipo. Wakaacha kuja. Mke wa Yona akamzuia nyumbani, na Yona akarudi kulala akiutazama ukuta. Profesa Sadock, kiongozi wa utafiti, alitueleza kwa masikitiko kwamba wasiporudi kabla ya mwezi kwisha, mashine itapakiwa ipelekwe mkoa mwingine.

Sista alimkasirikia Daudi, kisha akajikasirikia mwenyewe kwa yale mapazia. Halafu akaenda kuomba ritongo, baraza la Wakurya ambalo likishakaa jambo haliachwi nusu. Mashine ikatolewa uwanjani na jenereta yake, na Daudi akaitwa na ditekta yake. Sista akavua pete yake ya ndoa, ikafukiwa mchangani. Profesa, anayejua sumaku na chuma havichezewi, alitokwa jasho, lakini aliishika mashine mwenyewe. Ditekta ilipofika juu ya pete ikapiga kelele. Mashine yetu ikagonga juu ya pete, ikagonga juu ya jiwe, ikagonga juu ya gunzi la mahindi, mlio uleule. Watu wakaanza kucheka. Mzee Waitara, mwenyekiti, akafunga baraza: "Hii haijui dhahabu, haijui gunzi. Mura, kijana wangu, chukua kifaa chako uende. Mwacheni Sista afanye kazi."

Wagonjwa walirudi, Yona akiwamo, naye ilibidi aanze tiba upya. Si wote waliopata nafuu, na ripoti haikuficha hilo. Waliopata wametosha vyuo kukubali kutuachia mashine, pamoja na wauguzi wawili ambao Sista amewafundisha kwa ukali tunaoujua.

Ukabaki mtaro. Waya wa umeme wa mashine ulipitishwa humo, lakini Sista alikataa mtaro ufukiwe, akisema aliyechimba atafukia. Daudi akaanza kupita njia nyingine. Kila asubuhi Sista aliuruka huku akinung'unika. Mwezi uliopita Yona alikuja na chepe begani, bila kuitwa, akaanza kufukia. Sista alisimama na kikombe mpaka chai ikapoa. Safari hii hakukimbilia stoo. Alilia palepale mbele yetu.

Sista Juliana, asante kwa kutugombeza na kwa kutungoja. Sisi watumishi wenzako tunakuombea afya, usingizi mzuri na miaka mingi ya kunywa chai ikiwa bado moto. Siku ya kuondoka utapita nyuma ya chumba cha tiba kama kawaida, na hutahitaji kuruka. Yona ameushindilia udongo vizuri.

Zablon, fundi wa vifaa tiba