Jirani Niliyemshuku kwa Ajili ya Bobi

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe tena! Naona wengine mmeanza kutabasamu, kwa sababu mnamjua mbwa wangu na mnadhani nimekuja kuwachekesha. Ndugu zangu, nimekuja kutubu. Nivumilieni hadi mwisho, maana ushuhuda huu una aibu, na aibu yenyewe ni yangu.

Wasionijua, mimi ni Mama Wambui. Ninaishi Jamhuri, na kazi yangu ni kupokea wagonjwa katika kliniki moja ya meno kule Parklands. Mume wangu alilala katika Bwana mwaka juzi. Binti yangu Wambui aliogopa kuniona peke yangu, akaniletea mtoto wa mbwa, wa rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na lingine limelala. Tukamwita Bobi. Miezi yote ya mwanzo Wambui alikuwa nyumbani anatafuta kazi, kwa hiyo Bobi hakuwahi kukaa bila mtu hata saa moja. Kisha Mungu akamfungulia Wambui mlango wa kazi Eldoret, akaenda. Tukabaki mimi na mbwa.

Jumatatu ya kwanza nilirudi kutoka kazini nikakuta ndara zangu zimetafunwa. Nikasema, ni utoto. Jumanne ikawa mto wa kochi, pamba imejaa sebule nzima. Alhamisi ikawa kiatu cha marehemu, kile cha kulia, ambacho sikuwa nimeweza kukigawa. Hapo nililia, na nikampiga Bobi kwa gazeti. Alijikunja chini ya meza akitetemeka. Lakini kesho yake mambo yalikuwa mabaya zaidi: alikuwa ameanza kuutafuna mlango wa jikoni, na kwenye mbao kulikuwa na damu.

Damu, ndugu zangu! Nikamshika mdomo, nikaona ufizi umechanika na kucha mbili zimevunjika. Nikajiambia, mbwa hawezi kujifanyia hivi. Kuna mtu.

Na mtu mwenyewe sikumtafuta mbali. Dirisha la jikoni yangu linatazamana na ukuta mfupi, na ng'ambo ya ukuta anaishi Mama Salma, mama wa makamo kutoka Mombasa, Mwislamu, anayepika vitafunio nyumbani na kuviuza. Mguu wake mmoja ni mgonjwa. Tulikuwa tumeishi hivyo miaka minne kwa salamu tu. Sasa nikaanza kumchunguza. Niliona kuna kigoda upande wake, kimewekwa karibu na ukuta, mahali ambapo hakikuwepo zamani. Niliona kwamba nikifungua geti jioni, yeye huondoka pale ukutani haraka na kuingia ndani. Tena Bobi, hata nikiwa nyumbani, alikuwa akilitazama lile dirisha na kulia kidogo. Nikauliza moyoni: anamfanyia nini mbwa wangu nikienda kazini? Watu wa Pwani, nikasema. Si tunasikia habari zao za uchawi? Ndiyo, nilisema hivyo, mimi niliyeokoka!

Siku moja jioni alikuja getini kwangu, akichechemea.

"Mama Wambui," akasema, "mbwa wako alia sana ukitoka. Yuateseka."

"Anakusumbua?" nikamuuliza.

"Sikuja kushtaki. Nakwambia tu upate kujua."

Nikamwambia asante, nikafunga geti akiwa bado amesimama pale. Ndugu zangu, aliniletea ukweli mlangoni, nami nikausikia kama vitisho. Nilisema moyoni, huyu anajitetea kabla hajashtakiwa.

Wiki ileile nikaokota kitu chini ya dirisha la jikoni, ndani ya nyumba. Kipande cha andazi, kinanukia iliki. Mimi sikupika. Nikakifunga kwenye karatasi ya nailoni nisikiguse kwa mkono, nikakipeleka kwenye kikundi chetu cha maombi. Mlioko hapa mnakumbuka. Tulikemea, tukakizunguka, tukakimwagia mafuta ya taa, tukakichoma. Andazi! Na Jumapili iliyofuata nilisimama papa hapa nikaomba kanisa liniombee, adui aliye ukutani kwangu aondolewe. Mliitikia amina kwa nguvu. Sikutaja jina, lakini nilitaka mjue, na mlijua.

Sikumwachia Mungu peke yake kazi hiyo. Mwenye nyumba za upande wa Mama Salma ni Mzee Ndung'u, mzee wa kanisa letu, ameketi pale mbele. Nilimfuata nikamwambia kwamba mama yule anamtegea mbwa wangu sumu, na kwamba akimaliza mbwa ataanza na watu. Mzee aliniamini kwa sababu ananijua. Akampa Mama Salma notisi ahame mwisho wa mwezi. Nilipoona ameanza kufunga sufuria zake kwenye makatoni, nilimshukuru Mungu. Nilimshukuru kabisa, kwa kuimba.

Lakini Bobi hakupona. Sasa alianza kutetemeka mara tu nikishika funguo za gari. Kilo zilimtoka. Nilimpigia Wambui simu nikamweleza kila kitu, nikitumaini atakasirika pamoja nami. Akasema, "Mami, umemwona kwa macho yako akifanya kitu?"

"Sijamwona, lakini najua."

"Basi acha ile simu yako ya zamani juu ya friji irekodi. Uone."

Nikafanya hivyo. Sikufanya kwa sababu nilikuwa na shaka, la! Nilitaka ushahidi wa kumwonyesha kila mtu kabla mama yule hajahama.

Jioni nilivua koti, nikaketi jikoni, nikafungua ile video. Nilijiona nikitoka. Bobi akasimama akiutazama mlango. Gari langu lilikuwa halijatoka hata getini, naye akaanza kuzunguka, anahema, mate yanamdondoka. Akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia, kwa sababu sikuwahi kuwepo. Akaurukia mlango, akaukwangua, akautafuna, na nikaona damu inaanza. Hakuna mtu aliyemgusa. Nilingoja aingie yule adui. Hakuingia mtu. Ilikuwa mbwa wangu na mlango nilioufunga mimi.

Halafu nikasikia mtu anavuta kigoda nje.

"Bobi! Bobi we! Nyamaza, baba, nyamaza. Mamako yuaja."

Bobi akaacha mlango. Akaja chini ya dirisha, akaketi.

"Waniona mimi? Mwanangu yuko Uarabuni, hapigi hata simu. Nami nimeachwa, wala siutafuni mlango. Haya, lala." Kipande cha andazi kikaangukia sakafuni, Bobi akakinusa, akala. Yule mama akaendelea kumsimulia habari za mguu wake, za unga kupanda bei, za nini sijui, sauti ya chini, taratibu, mpaka mbwa akalala, kichwa juu ya miguu yake mwenyewe. Kisha Mama Salma akasema maneno ambayo siwezi kuyasahau: "Mwisho wa mwezi nahama, baba. Sijui nani atakaa nawe."

Nilizima simu. Kanisa, sikuwa na machozi. Kumbe nilikuwa nimemwomba Mungu amwondoe mtu pekee aliyekuwa akimsaidia mnyama wangu, na nilikuwa nimemsaidia Mungu kumwondoa!

Nilipiga magoti pale pale, lakini hata maombi yalikataa kutoka. Nikaelewa kwamba niliyemkosea hakuwa Mungu wa mbinguni peke yake. Nikatoka nikazunguka hadi mlangoni kwa Mama Salma.

"Hodi."

"Karibu." Alikuwa amekaa katikati ya makatoni.

Sikuketi. Nikamwambia yote: kwa mwenye nyumba, kanisani, hata lile andazi. Alinisikiliza huku anafunga kamba katoni moja.

"Nalijua ni wewe," akasema.

"Ulijua, na bado ukaendelea kukaa na mbwa wangu?"

"Mbwa ana kosa gani? Yeye hakwenda kwa mwenye nyumba."

Nikamuuliza kwa nini alikuwa akikimbia nikirudi. Akasema, "Dini yangu, mate ya mbwa hutia najisi, kwa hiyo simgusi. Lakini kusema naye si dhambi. Nawe ulikuwa waniangalia kama mwizi. Ningekaa pale nikwambie nini?"

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Ndung'u kabla ya kazi. Nilimwambia kwamba nilisema uongo. Mzee alikasirika, na alikuwa na haki. Akaifuta ile notisi, akaenda mwenyewe kumwomba Mama Salma radhi. Yule mama hakufungua makatoni siku hiyo. Yalikaa hivyo wiki mbili, na kila nilipoyaona dirishani nilihukumiwa.

Bobi nilimpeleka kwa daktari wa wanyama kule Muthangari, msichana mpole. Aliniambia mbwa huyu hana pepo wala hana ubishi. Anaogopa kuachwa, na nikimpiga ninamwongezea hofu. Akanifundisha kutoka dakika moja na kurudi, kisha mbili, kisha tano, bila kuaga kwa kelele. Nishike funguo kisha nikae chini, mpaka funguo zisimtishe tena. Nimtembeze asubuhi achoke. Nimwachie mfupa wa mpira wa kutafuna, ndani nimeshindilia ugali na omena. Nilichukua likizo kwa kazi hiyo. Kulikuwa na siku alirudi nyuma, akala pazia. Lakini leo anakaa peke yake saa nne nzima, na mchana Mama Salma humsalimu kupitia dirishani. Nami humpeleka kliniki ya mguu Jumamosi, kwa sababu alikubali, si kwa sababu nimeshalipia kosa langu. Bado hucheka nami kwa uangalifu. Ninangoja.

Ndugu zangu, nimeokolewa kutoka kwa jicho baya, na jicho hilo lilikuwa langu. Kwa miezi kadhaa nililiita ufunuo. Nililipeleka kwenye maombi, likaongezeka nguvu. Jichunguzeni! Kama kuna mtu unayeomba aondolewe, mbishie hodi kwanza, keti kwake, umsikie. Na kama unaogopa kwenda, njoo, nitakusindikiza. Mimi ninajua aibu ya kusimama mlangoni.

Namshukuru Mungu kwa ombi langu alilolikataa. Mliomba nami kwa imani, na akatukatalia sote kwa rehema zake. Mwaminini huyo! Sasa semeni amina, lakini safari hii iwe kwa ajili ya Mama Salma, naye nimemtaja kwa jina.