Mama Tena Hakuwa Mgonjwa

Ndugu, majirani, walimu, waandishi, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yangu, mimi ni mdogo wake wa mwisho, familia imenituma niwasomee maisha yake, na nawaomba mapema mnivumilie, kwa kuwa nimesimama hapa na uchungu, na uchungu wenyewe si wa kufiwa peke yake.

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Tena, alizaliwa tarehe 9 Juni 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba karani wa stesheni na mama mshonaji, na tangu udogoni hakuwa mtu wa kufunga mdomo, hata mama alikuwa akisema kwamba wenzake walizaliwa wakilia, huyu alizaliwa akiuliza. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, na alipofika darasa la sita aliandika mchezo mfupi wa mwalimu mkuu anayekoroma ofisini huku wanafunzi wakimlimia shamba lake, ukachezwa mbele ya wazazi, wazazi wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Jumatatu yake akachapwa mbele ya shule nzima, akarudi nyumbani akamwambia baba, "Fimbo zinauma, baba, lakini leo mwalimu hajalala."

Alisoma sekondari ya bweni kuanzia mwaka 1972 hadi 1975, kisha chuo cha ualimu, na mwaka 1979 akaajiriwa kufundisha lugha katika sekondari ya wasichana, kazi aliyoifanya bila kuhama hadi alipostaafu mwaka 2013. Tarehe 10 Desemba 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, aliyekuwa ameitwa shuleni kutengeneza taa za ukumbini, akawakuta wanafunzi wanafanya mazoezi ya mchezo, akamaliza kazi yake akagoma kuondoka mpaka ajue mwisho wake, na dada akasema mwanamume anayesubiri mwisho ndiye wa kuolewa naye. Walijaliwa watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume, na wajukuu wanne, na shemeji alitutangulia mwaka 2009.

Sasa nifike kwenye kazi ya maisha yake. Mwezi Agosti 1996, yeye na walimu wenzake wawili waliazima bwalo la chuo wakati wa likizo, wakawaita waandishi wanane kutoka nchi za kanda hii, kila mmoja aje na mchezo ambao haujakamilika, na huo ndio ukawa mwanzo wa Kongamano la Tamthilia Mpya, hilo ambalo leo lina ukumbi wake, viti vya kitambaa na wageni wanaopokelewa uwanja wa ndege. Wakati ule walilala kwenye vitanda vya wanafunzi, miguu ikining'inia nje, waigizaji wakikaa nusu duara kuusoma mchezo kwa sauti, mwenye mchezo akikatazwa kusema neno, na akianza kujitetea dada alikuwa akimuuliza, "Siku ya onyesho utasimama mlangoni umweleze kila anayeingia?" Usomaji ukiisha alisema, "Tena," na mwandishi akarudi mezani kuandika upya, na ndipo lilipotoka hilo jina, hata wanawe walikuwa wakilalamika kwamba mama huyu ukimpelekea chai atairudisha jikoni ikaandikwe upya.

Mwaka 1999 alikuja kijana mmoja, karani wa duka la vifaa, mwenye mchezo mzuri katika sehemu ya kwanza na uliovunjika kiuno katika sehemu ya pili, na kongamano lilipokwisha dada hakumwacha aende, alimpa godoro sebuleni, akakaa nasi miezi minne akila tulichokula, mpaka mchezo ukasimama, ukachezwa kanda nzima, ukamtoa. Kijana huyo leo ni mwenyekiti wa kongamano, amekaa safu ya mbele, karibu mzee, ulipokaa panatosha.

Mwezi Agosti 2017, msusi mmoja, binti ambaye hakuwa amewahi kukanyaga ukumbi wa michezo, alileta mchezo kuhusu wafanyakazi wa kiwanda cha magodoro walioungua kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli, akiwemo mama yake mzazi. Dada, aliyekuwa mlezi wa waandishi wa kongamano, akamchukua amlee mwenyewe, na nilimwona wiki zile akitembea nyumbani akizungumza peke yake kwa furaha, mpaka mwenyekiti alipomjia siku moja kabla ya usomaji, akamwambia wafadhili wana ndugu zao miongoni mwa wenye kiwanda kile, kwa hiyo, "Mama, tuuweke pembeni mwaka huu, busara itumike." Dada akamjibu, "Mchezo utasomwa kesho saa nne, na wewe mwanangu utakaa mbele."

Kesho yake saa nne wakakuta mlango wa ukumbi umefungwa. Mchezo kuhusu mlango uliofungwa, wakaufungia mlango, na hakuna hata mmoja wao aliyeona aibu. Basi dada akabeba kiti kutoka kantini, waigizaji nao wakabeba vyao, wakausomea kwenye maegesho ya magari, katikati ya jua, madereva na wapishi wakasogea kusikiliza, na binti, ambaye siku hiyo naye alipewa sehemu ya kusoma, alipofika kwenye jina la mama yake sauti ikakatika, dada akasimama nyuma yake bila kumgusa, akangoja mpaka aliposoma tena mwenyewe.

Baada ya wiki mbili kamati ya kongamano ilikaa, ikapiga kura ya kumwondoa katika ulezi wa waandishi, na mikono yote ikainuka, mikono ambayo yeye ndiye aliyeifundisha kuandika, wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke, lakini punda hana digrii. Kisha wakatangaza redioni kwamba amepumzika kwa sababu za kiafya. Waombolezaji, mwanamke huyo siku hiyo alikuwa juu ya ngazi anapaka rangi geti lake, majirani wakaja na machungwa kumpa pole, akashuka, akayamenya, akawagawia, akawaambia, "Mgonjwa mnayemtafuta ni kongamano, nendeni mkalijulie hali."

Ugonjwa wa kweli ulikuja mwaka 2022, figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na siku nyingine zote waandishi walikuja kwenye meza yake ya kulia chakula, hakumfukuza hata mmoja. Mwezi uliopita mwenyekiti alikuja wodini, nikiwepo, akalia, nami nikangoja dada amseme mpaka ajute, lakini alimuuliza neno moja tu, "Unaandika?" Akajibu kwamba vikao ni vingi, miaka sita hajaandika kitu. Dada akamshika mkono kwa muda mrefu, kisha akageukia ukutani. Yeye alimhurumia. Mimi si yeye.

Alifariki asubuhi ya Jumamosi, tarehe 3 Februari 2024, akiwa na wanawe wote watatu. Na juzi mchana kamati ilikuja nyumbani kwetu na maombi mawili, la kwanza, katika historia hii tusitaje kufukuzwa, tuseme alistaafu kwa sababu za kiafya, maana watakuwepo wageni, na la pili, tuwaruhusu waupe ukumbi wao jina lake. La kwanza mmeshasikia jibu lake. La pili tulikaa kama familia, tukalijibu hivi, jina la dada yetu halitapanda juu ya mlango ule mpaka mchezo wa msusi usomwe ndani yake, mwanzo hadi mwisho, mlango ukiwa wazi, na mwenyekiti akiwa amekaa mbele kama alivyoambiwa. Binti yupo hapa, mchezo anao. Tunangoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomwita mwalimu mpaka siku ya mwisho, majirani waliompeleka hospitali na kumrudisha bila kuchoka, walimu wenzake wa sekondari, na waigizaji waliobeba viti siku ile wakijua watakosa kazi, na kweli wakaikosa. Wengine wote tumewaona mmekuja, tumewahesabu kuwa wageni.

Dada, umesema ya kutosha, sasa nyamaza upumzike kwa amani. Ugomvi uliobaki tuachie sisi.